Velua ya Kasai: soma kitambaa cha bibi kabla ya kukiuza

Naviundu, kama katika kartie nyingine nyingi za Lubumbashi, kuna familia ambazo wazee wao walitoka Kasai kutafuta kazi. Ukifungua sanduku la bibi katika familia kama hiyo, huenda ukakuta kitambaa cha mraba, kigumu kidogo, rangi ya udongo, chenye manyoya mafupi yanayofanana na zulia. Vijana wengi wanakiona kama kitu cha zamani kisicho na kazi. Mchuuzi akipita na kutoa franka kidogo, kinaondoka.

Kitambaa hicho kinaitwa velua ya Kasai, yaani mahameli ya Kasai. Lakini hakina hariri wala pamba ndani yake. Ni nyuzi za rafia tu, kazi ya Wakuba, na zaidi ya Washoowa wanaoishi upande wa kaskazini wa ufalme wa Kuba. Kabla ya kukiuza, ni vizuri kujua namna ya kukisoma.

Mwanaume anafuma, mwanamke anachora

Kazi inaanza na mwanaume. Anakata majani machanga ya rafia, anatoa nyuzi zake, anazikausha na kufuma kitambaa. Kwa kuwa uzi hauwezi kupita urefu wa jani, kitambaa nacho kinabaki kidogo: mara nyingi sentimeta 50 au 60 hivi kila upande.

Halafu kinaingia mikononi mwa wanawake. Wanakiponda na kukisugua mpaka kilainike. Rangi nyekundu inatoka katika tukula, unga wa mti mwekundu wa porini. Kisha mwanamke anachukua sindano na uzi mmoja wa rafia, anaupitisha chini ya uzi wa kitambaa, anauvuta mpaka ibaki ncha fupi tu, na kuukata kwa kisu kidogo. Anarudia hivyo maelfu ya mara. Hakuna fundo hata moja. Manyoya yanashikwa na kubanana kwa nyuzi za kitambaa chenyewe. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua miezi.

Ng'ambo ya bahari kuna kazi inayokaribiana na hiyo. Katika karne ya 19, wanawake wa Maine, huko Marekani, na wa pwani ya mashariki ya Kanada walichana nguo kuukuu, wakavuta vipande vyake kwa ndoano kupitia gunia, wakapata zulia za kuweka sakafuni. Zilikuwa kazi za watu maskini. Leo zinawekwa katika makumbusho. Karibu na mwaka wa 1868, mchuuzi mmoja wa huko, Edward Sands Frost, alianza kukata michoro kwenye bati na kuipiga chapa juu ya magunia ya kuuza. Tangu hapo nyumba nyingi zilikuwa na zulia zenye ua lile lile na simba yule yule. Ndiyo sababu wapenzi wa zulia hizo wanatafuta sana zile ambazo mwanamke alichora mwenyewe.

Kwa mwanamke wa Kishoowa hakuna bati la kufuata. Hachori kitu kwanza juu ya kitambaa. Mchoro anao kichwani.

Mchoro unaobadilika njiani

Tazama velua ya zamani polepole. Anza pembe moja. Utaona pembe nne ndogo zinarudiana, ama mistari inayosukana kama kamba. Msuko huo Wakuba wanauita imbol. Halafu, ukifika katikati, mchoro unageuka: mstari unakuwa mnene, pembe zinalala upande, rangi nyeusi inachukua nafasi ya ile ya njano. Mtu asiyejua atasema mshonaji alichoka au alikosea. Sivyo. Kubadilisha njiani ndiyo akili ya kazi yenyewe, na hapo ndipo mkono wa mtu mmoja unajulikana kati ya wengi.

Wataalamu wa hesabu wanasema kuna njia 17 tu za kurudia mchoro juu ya uso ulio sawa. Mwaka wa 1971, Donald Crowe alichunguza kazi za Wakuba na kukuta 12 kati ya hizo. Kwa michoro inayofuatana katika mstari mmoja, njia zipo 7, na alizikuta zote.

Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti kwa Wakuba katika miaka ya 1950, alisimulia kisa kimoja. Wamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki mpya, wakitumaini atashangaa. Mashine haikumsumbua akili. Alichopenda ni alama ya tairi kwenye mchanga. Aliagiza inakiliwe, na mchoro huo ukapewa jina lake.

Mushenge, reli na Lubumbashi

Wazee wa Kikuba wanasimulia kwamba ufundi wa rafia uliletwa na mfalme Shyaam, katika karne ya 17. William Sheppard, mmisionari Mwamerika mweusi, alifika Mushenge, mji wa mfalme, mwaka wa 1892. Vitambaa alivyokusanya viko Hampton, Virginia. Emil Torday, kutoka Hungaria, alifika miaka kumi na tano hivi baadaye na kupeleka vingine British Museum, London. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alitundika velua za Kasai kwenye kuta za nyumba yake.

Huku kwetu njia ilikuwa reli. Mwaka wa 1928 reli ya BCK ilifika Ilebo, ambayo wakati huo iliitwa Port-Francqui. Ilipita Mweka, katika nchi ya Wakuba. Wafanyakazi wa Union Minière na wa reli walishuka kutoka Kasai pamoja na wake zao na mizigo yao. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, safari ilirudi nyuma, na kila familia ilibeba kile ilichoweza tu.

Kuna sababu nyingine ya kuheshimu kitambaa kilichobaki. Kwa Wakuba, nguo nzuri za rafia zinamfuata maiti kaburini, ili wazee waliotangulia wamtambue kuwa ni mtu wao. Kwa hiyo velua ya zamani iliyo ndani ya sanduku ni ile ambayo mtu fulani aliamua kutoizika, ama alimpa mtoto wake anayesafiri.

Namna ya kuitambua na kuitunza

Geuza kitambaa. Katika kazi nzuri sindano haipenyi mpaka nyuma, na upande huo unabaki karibu wazi. Tazama rangi: tukula ya zamani inaelekea kahawia, na haiko sawa kila mahali. Angalia manyoya: yanaisha kwanza pale palipokunjwa miaka mingi. Kama kitambaa chote kimechakaa sawasawa, jihadhari. Kitambaa kipya kinaweza kuzeeshwa kwa chai ama kwa moshi.

Usiifue kwa maji, kwa sababu tukula itatoka. Usiitundike mbele ya dirisha lenye jua. Usiikunje: izungushe juu ya mti laini uliofunikwa kwa pamba safi, na uikague mara kwa mara kwa sababu ya wadudu. Ukihitaji ushauri, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi iko mjini.

Lakini kazi ya kwanza haihitaji mtaalamu. Majina ya Sheppard na Torday yameandikwa vizuri London na Virginia. Majina ya wanawake walioshona vitambaa walivyobeba, mara nyingi hakuna aliyeyauliza. Naviundu bado kuna bibi anayeweza kusema: hii ilishonwa na mama mkubwa wangu, katika kijiji fulani, na mchoro wake unaitwa hivi. Muulize wiki hii. Andika jibu kwenye karatasi na uiweke pamoja na kitambaa. Hata kikiuzwa siku moja, kisiondoke bila jina.