Kompresa ya mtumba: bei ya dukani si gharama yote

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, mnunuzi wa kompresa ya kiyoyozi cha gari huuliza bei, hupatana, hulipa. Hesabu huharibika hapo hapo.

Kompresa iliyokufa kwa kusagika huacha chenga za chuma kwenye mabomba na kondensa. Ukifunga nyingine bila kusafisha, chenga zile zile zitaila. Kwa hiyo bajeti iwe pia na fedha za kusafisha mfumo, kichujio kipya cha kunyonya unyevu, oili, kuvuta hewa kwa pampu, na gesi. Fundi anayeruka kichujio ili bei ishuke (na wapo) anamwuzia mteja kompresa ya pili.

Oili nayo hudharauliwa. Magari mengi ya R-134a hutumia oili ya PAG. Lakini Toyota Prius ya kuanzia toleo la 2003 ina kompresa ya umeme, inayotaka oili ya POE isiyopitisha umeme. PAG humo ni hatari.

Mwenye teksi ambaye kompresa yake bado nzima aiwashe dakika chache kila wiki, hata wakati wa baridi, ili oili ifike kwenye sili. Ubaridi ukipungua, atafute panapovuja kabla ya kujaza gesi, maana oili husafiri pamoja na gesi.

Mnunuzi wa mtumba azungushe kitovu kwa mkono, kisha atazame oili mdomoni mwa bomba. Ikiwa nyeusi, yenye chembe zinazometa, aiache dukani.