Mnunuzi wa machungwa, kagua virukia kabla ya kulipa

Wafanyabiashara wengi wanaofuata machungwa Muheza, mkoani Tanga, hununua matunda yakiwa bado mtini. Anayelipia shamba zima hubeba hatari yote: tawi likikauka kabla ya mavuno, hasara ni yake. Mojawapo ya vinavyokausha matawi ni kirukia, mmea unaoota juu ya mti mwingine na kunyonya maji na chumvichumvi zake.

Kwa mbali mti wenye virukia huonekana umestawi, kwa kuwa vichaka vyake ni vizito na vya kijani. Hapo ndipo mnunuzi hudanganyika, maana kichaka hicho hakizai chungwa hata moja.

Dalili za kutazama ni hizi:

Majani. Chuma jani ulifikiche. Jani la mchungwa hunukia chungwa. La kirukia halina harufu hiyo.

Maungio. Fuata kichaka mpaka kinapoingia tawini. Kirukia huacha uvimbe kama nundu, na sehemu ya tawi iliyo mbele ya uvimbe huo ndiyo hukauka kwanza.

Maua na matunda. Maua ya virukia vingi ni mirija myembamba, mara nyingi yenye rangi nyekundu au manjano. Matunda ni madogo na mbegu ina ulimbo. Ndege hula matunda hayo na kuacha mbegu imenata kwenye tawi jingine. Ndivyo kinavyoenea.

Kangaga na okidi zisikutie hofu, kwani hukaa juu ya gome tu bila kunyonya. Mlangamia nao hunyonya, lakini hutambulikana kwa nyuzi zake zisizo na majani.

Kabla ya kutaja bei, pita safu kwa safu na kuhesabu. Kwa mfano, miti 15 kati ya 50 ikiwa na virukia, hiyo ni asilimia 30 ya shamba. Takwimu hiyo si kipimo cha hasara, lakini ni hoja nzito ya kuteremshia bei.

Kwa mwenye shamba, kukwanyua kichaka peke yake hakutoshi, kwani sehemu iliyobaki ndani huweza kuchipua tena. Tawi likatwe kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye uvimbe, kuelekea shinani, kabla matunda ya kirukia hayajaiva. Nani atakata, na kwa gharama ya nani, yaandikwe kwenye mkataba kabla fedha hazijatoka mfukoni.