Kasongo–Kabambare: Mkanda wa moteri unakazwa na resori, si nguvu ya mkono

Kusini mwa jimbo la Maniema, gari la mazutu lina kazi nyingi. Linabeba mpunga kutoka vijijini, linapeleka bidhaa Salamabila karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, na siku nyingine linaleta mgonjwa kwenye hospitali kuu ya Kasongo. Mji mkuu wa jimbo, Kindu, uko zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo kazi nyingi za moteri zinafanyika nyumbani, chini ya mwembe, kwa vyombo vilivyopo.

Moja ya kazi hizo haisamehe kosa: kukaza mkanda wa meno ulio mbele ya moteri, ule ambao mafundi wanauita kwa Kifaransa «courroie de distribution». Kwenye Toyota Hilux na Hiace za zamani zenye moteri ya 2L au 3L, mkanda huo wa mpira unaunganisha mhimili wa chini, unaosukumwa na pistoni, na mhimili wa juu unaofungua supape, pamoja na pompi ya mazutu. Vyote vitatu vinapaswa kwenda pamoja. Mkanda ukikatika, pistoni inagonga supape na kuipinda, na safari inaishia hapo hapo. Kwenye njia ya Kabambare, ambako watu wameteseka miaka mingi kwa ukosefu wa usalama, hakuna shofere anayetaka kulala porini na abiria.

Wengi wanafikiri mkanda uliokazwa sana ndio salama. Sivyo. Mkanda uliolegea unaweza kuruka jino: gari linakuwa gumu kuwaka, linatoa moshi na kukosa nguvu. Lakini uliokazwa kupita kiasi unavuta puli mchana na usiku, unaharibu beringi zake, na beringi ikikwama, mkanda unakatika vilevile.

Ndiyo maana Toyota iliweka resori ndogo kwenye puli ya kukazia. Resori hiyo ndiyo kipimo. Fundi anayesukuma puli kwa chuma kisha kufunga bulo anaondoa kipimo hicho na kuweka nguvu za mkono wake.

Kazi inaanza moteri ikiwa baridi na batri imefunguliwa. Baada ya kutoa kifuniko, moteri inazungushwa kwa funguo kwenye bulo ya puli ya chini, kwa upande inaozungukia siku zote, mpaka alama za puli zikae mahali pake. Kisha bulo za puli ya kukazia zinalegezwa, na resori inaachwa ivute yenyewe. Bila kukaza bado, moteri inazungushwa tena kwa mkono, mizunguko miwili kamili, polepole. Kwa nini miwili? Kwa sababu mhimili wa juu unazunguka mara moja wakati wa chini umezunguka mara mbili. Alama zote zikirudi mahali pake, hapo ndipo bulo zinafungwa. Zisiporudi, kazi inaanzwa upya.

Ikiwa funguo inagoma katikati ya mzunguko, usilazimishe: huenda pistoni imekutana na supape. Kugundua hilo kwa mkono hakugharimu kitu. Kuligundua kwa kuwasha gari kunagharimu moteri.

Mafundi wa zamani wana jaribio jingine: kushika mkanda kwa vidole viwili, mahali parefu kati ya puli mbili, na kuupinda. Ukifika karibu robo ya mzunguko, uko sawa. Jaribio hilo linasaidia, lakini halichukui nafasi ya resori. Resori iliyovutika au yenye kutu inabadilishwa. Mkanda wenye nyufa au uliolowa mafuta haukazwi tena; unatupwa, na mahali mafuta yanapovuja panatengenezwa kwanza.

Limebaki swali la muda. Kwa kawaida mkanda huu unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye magari mengi taa ya T-BELT inawaka kukumbusha. Lakini mkanda unahesabu mizunguko ya moteri, si ya magurudumu. Kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kilomita 100 zinaisha kwa saa moja na robo. Kwenye matope, kwa kilomita 15 kwa saa, zinachukua karibu saa 7, moteri ikilia muda wote katika gia ndogo. Shofere wa Kasongo anayengoja taa iwake anaweza kuwa amechelewa.

Afadhali kufungua kifuniko na kuangalia kabla ya kila msimu wa mvua, na kuandika juu yake kwa rangi tarehe ambayo mkanda uliwekwa, ili hata shofere atakayenunua gari kesho aijue.