Daftari Alilotuachia Baba

Alhamdulillahi, miezi 4 na siku 10 zimetimia. Mama yetu ametoka eda, na sisi wanawe tumeona wakati umewadia wa kumkumbuka marehemu baba yetu. Hatukusudii kummiminia sifa. Twataka kusimulia jambo moja alilotufunza akiwa tayari yumo kaburini.

Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu katika Mji wa Kale, Mombasa. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango, na mlio wake ndio uliotulaza usiku na kutuamsha alfajiri. Kwa kazi hiyo alitulea watano, mabinti watatu na wavulana wawili. Alipojaaliwa wajukuu, moyo wake ulilainika kwa namna ambayo sisi hatukuizoea. Sisi tulikatazwa hata kuigusa cherehani. Wao aliwapakata mbele yake. Mabaki ya vitambaa aliwawekea kikapuni, wawashonee watoto wao wa bandia. Kila baada ya sala ya Alasiri alikunja kanzu ya mteja, akawaketisha mkekani na kuwasomesha herufi, tangu alifu hadi ya. Aliyemaliza somo lake alipewa kashata.

Siku ya maziko, kabla ya jeneza kusaliwa, kaka yetu mkubwa alisimama akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu na aje kwetu. Hakujitokeza mtu. Tulirejea nyumbani tukiamini kwamba baba ameondoka bila deni.

Baada ya siku chache tukakaa kupanga hitima. Wengine wetu walitaka mbuzi wachinjwe na mtaa mzima ualikwe, kwa fedha alizoziacha baba sandukuni. Mama, aliyekuwa chumbani katika eda, alitusikia. Akatuita, akatukabidhi daftari kuukuu. "Wanangu, kabla ya kuchinja, someni hili kwanza."

Daftari lilikuwa la Kiswahili, lakini limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Herufi tulizijua, mwandiko wa haraka usio na irabu ukatushinda. Ndipo mjukuu wake wa miaka 12 alipojisogeza, akaanza kuusoma bila kukwama. Ulikuwa mwandiko ule ule aliofundishwa na babu yake pale mkekani.

Upande mmoja walikuwapo waliomdai baba muda: kanzu ya arusi, kanzu za watoto za Idi. Mistari mingi ilipigwa kalamu, na pembeni pameandikwa neno moja, "nimesamehe." Upande wa pili palikuwa na mstari mmoja tu: shilingi 18,400 za vitambaa na uzi, haki ya muuza nguo mmoja. Tulipomwendea, mzee huyo alituambia kwamba tangazo alilisikia, ila aliona haya kuwadai watu wenye msiba.

Hapo maneno yakazuka. Mmoja wetu alisema kwamba watu watatucheka tukifanya hitima ya kahawa na tende. Dada yetu akamjibu, "Kaka, watu watatucheka siku moja. Baba je, huko aliko?" Tukanyamaza, kwani sote twaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipoletewa jeneza la mtu mwenye deni asiloacha cha kulilipa. Hakumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba deni lile.

Mpango wa sheria ni wazi. Mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na ndipo warithi wapewe. Tulilipa deni, na hitima ikawa ya kahawa, tende na dua. Wapo walionung'unika. Wapo pia waliokuja siku zilizofuata, wakalipa kanzu ambazo baba hakuwahi kuzifuta.

Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini tulikigawa. Wazazi wa baba walikwisha kumtangulia, basi mali ikawa mafungu 8: mama moja, kila binti moja, kila mwana wa kiume mawili. Twalitaja hili kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi mabinti huambiwa wangoje, na kungoja huko huwa miaka, hadi anayeuliza haki yake aonekane ana tamaa. Dada yetu mshonaji aliichukua cherehani ndani ya fungu lake. Mlio wake waendelea.

Wapenzi wasomaji, twajua kwamba mja akifa amali zake hukatika, ila sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema mwenye kumwombea. Baba alimfunza mjukuu kusoma, na mjukuu akamsomea deni lake likalipwa. Elimu ile ilianza kumfaa kabla udongo wa kaburi lake haujakauka.

Basi wakalisheni wazee wenu, muwaulize kwa upole nani wanamdai na nani anawadai, na muandike wakiwa hai. Si kuwatakia mauti. Ni kuwatua mzigo.

Ewe Mola, mrehemu baba yetu, lipanue kaburi lake, na uwasamehe wazazi wetu wote waliotangulia. Amin.