Ruta Kongwe na Rekodi Zake: Ipi Bado Inanunulika?

Juzi mpwa wangu aliyeko Tanga aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Kuna jamaa hapa anauza ruta mbili za mtumba, moja elfu kumi na tano, nyingine elfu arobaini. Zote zinawaka. Nichukue ipi?" Chini ya ujumbe kulikuwa na picha mbili zilizopigwa kwa mbele, taa za kijani zikimeremeta. Nikaitikia marahaba, kisha nikamwomba azigeuze na azipige picha tumboni.

Taa ya kijani inakueleza kwamba umeme umefika, basi. Habari yenyewe imeandikwa kwenye kibandiko cha chini: jina la modeli na, pembeni yake, kwa herufi ndogo ambazo wauzaji wengi hawazisomi, neno "Ver" likifuatwa na namba. Nikiwa nasubiri picha hizo, nilijikuta nazipitia kichwani ruta zilizowahi kuvunja rekodi, nzuri na mbaya. Rekodi hizo zinajibu swali la mpwa wangu vizuri kuliko bei. Redio ya ruta huzeeka polepole sana. Programu iliyomo ndani ndiyo inayokufa mapema, na hufa siku ile mtu wa mwisho anapoacha kuihudumia.

Iliyokaa sokoni ikawazika wenzake

Taji hili nalivisha Linksys WRT54G bila kusita. Iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2002: kisanduku cha buluu na nyeusi chenye antena mbili nyuma, kama kumbikumbi aliyeinua mbawa. Mwaka 2003 kampuni ya Cisco ikainunua Linksys, na mwaka huohuo wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakiichokonoa ruta hiyo wakagundua kwamba programu yake imejengwa juu ya Linux. Leseni ya Linux iko wazi: ukiisambaza, na msimbo wake utoe. Wakaudai, na ukatolewa.

Hapo ndipo historia ya ruta za nyumbani ilipogeuka. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ukifuatwa na DD-WRT na Tomato, programu ambazo mtu yeyote aliweza kuzipakia kwenye kisanduku kilekile na kukifanya kifanye kazi za mashine za bei kubwa. Ruta ya sebuleni ikapata wahudumu wasioajiriwa na mtengenezaji.

Mwaka 2005 likatoka toleo la 5. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Ndani, kumbukumbu ya kuhifadhi programu ilikatwa kutoka megabaiti 4 hadi 2, ile ya kufanyia kazi kutoka 16 hadi 8, na Linux ikaondolewa. Aliyenunua kwa kuangalia sura aliondoka na nusu ya ruta. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka huohuo kampuni ikairudisha ile ya zamani kwa jina la WRT54GL. Hiyo GL iliendelea kuuzwa mpaka mwaka 2016 na baadaye, zaidi ya miaka kumi, ikiwa bado inaiingizia kampuni mamilioni ya dola kwa mwaka, wakati simu za watu zilikuwa zimeshabadilika mara nne au tano.

Nimeishika mkononi na ninaipenda. Hata hivyo ukiikuta leo kwenye meza ya mtumba, ipite. Spidi yake kwenye karatasi ni megabiti 54 kwa sekunde, na kwa kweli unapata kama nusu ya hiyo. Megabaiti 4 zake haziwezi tena kubeba OpenWrt ya sasa. Wahudumu wake walifanya kazi mpaka nafasi ikawaishia.

Iliyofika mbali kuliko zote

Kisanduku hichohicho kina rekodi nyingine, na hii nikiisimulia huwa nasisimka kila mara. Aprili 2006 Ermanno Pietrosemoli, mhandisi wa mawasiliano wa Venezuela, alisimamisha sahani kuukuu ya setilaiti juu ya kilele cha El Águila, milimani Andes, na nyingine El Baúl, kwenye tambarare, umbali wa kilomita 279. Nyuma ya sahani hizo alifunga ruta za Linksys WRT54G. Za dukani.

Kikwazo hakikuwa nguvu ya redio. Hewa ilikuwa wazi kutoka mlimani hadi tambarare, na sahani kubwa huikusanya ishara kama kioo kinavyokusanya jua. Kikwazo kilikuwa subira. Kila ruta ikituma pakiti hungoja jibu la "nimepata". Jibu likichelewa, huhesabu pakiti imepotea na kutuma tena. Kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya nyumba, hungoja muda mfupi mno, sehemu ndogo tu ya milisekunde. Ishara ya redio, pamoja na mbio zake zote, huchukua karibu milisekunde mbili kwenda kilomita 279 na kurudi. Ruta ya kawaida ingekata tamaa kabla jibu halijafika nusu ya njia. Pietrosemoli alipakia OpenWrt, inayomruhusu mtu kuongeza muda wa kungoja, na mawasiliano yakapita, kwa kilobiti 65 hivi kwa sekunde.

Mwaka uliofuata alirudi El Águila na kulenga mlima wa Platillón, kilomita 382. Ukitaka kuipata picha, chukua ramani na upime Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka, utakaribia hapo. Safari hii ruta zilipakiwa mtindo mpya wa mazungumzo uliobuniwa na kikundi cha TIER cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao haungoji jibu kwa kila pakiti. Spidi ikapanda hadi megabiti 3 kila upande. Umbali uliongezeka kwa zaidi ya kilomita mia moja, spidi ikapanda makumi ya mara, na kilicholeta tofauti kubwa kilikuwa programu.

Kwa hiyo fundi akikwambia ruta ya zamani "redio imechoka", muulize kwanza kama ameangalia adapta. Mara nyingi adapta ndiyo iliyochoka.

Kufuli lililovunjika upesi

WEP, kufuli la kwanza la waifai, lilipitishwa mwaka 1997. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walichapisha njia ya kulivunja, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, wakaonyesha kwamba inawezekana kwa chini ya sekunde sitini. Ruta isiyo na chaguo jingine zaidi ya WEP haifai hata bure. Unayoitaka iwe angalau na WPA2, iliyokuja mwaka 2004. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, nayo ni bora zaidi ikiwa vifaa vyako vinaikubali.

Kuna na kile kitufe cha WPS, kinachopendwa sana kwa sababu kinamwondolea mtu taabu ya kuandika neno la siri. Nyuma yake kuna namba ya siri yenye tarakimu 8, na ungedhani mwizi angehitaji kubahatisha mara milioni mia moja. Mwishoni mwa mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zilizotangulia. Mara milioni mia moja zikashuka hadi 11,000. Kompyuta ndogo huimaliza kazi hiyo kwa saa chache, mtu akiwa amekaa nje ya ukuta wako. Ruta nyingi za miaka hiyo zilitoka dukani WPS ikiwa imewashwa. Ukinunua, izime siku hiyohiyo.

Jina moja, sura nyingi

TP-Link TL-WR841N huenda umewahi kukaa nayo chumba kimoja. Nyeupe, bapa, nafuu, imejaa kwenye maduka na nyumba za kwetu. Jina hilo moja limebeba matoleo yanayofika 14, na tofauti si ndogo: mengi yana megabaiti 4 za programu na 32 za kazi, na mengine, kama la 13, yana maradufu. OpenWrt ilishaacha kutengenezea ruta za megabaiti 4 na 32; toleo lake la mwisho kuzibeba lilikuwa 19.07, lililotoka Januari 2020. Juni 2025 shirika la Marekani la usalama wa mitandao, CISA, liliingiza matoleo ya 8 na ya 10 ya ruta hii katika orodha ya vifaa vyenye tundu ambalo wadukuzi wanalitumia sasa hivi. Siyo kwamba wanaweza kulitumia. Wanalitumia.

Tauni kubwa

Mei 2018 kiligunduliwa kirusi kilichoitwa VPNFilter. Kilikuwa kimeshaingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vikiwemo vya Linksys, MikroTik, Netgear na TP-Link. FBI ikawaomba watu kila mahali wazime ruta zao na kuziwasha tena. Fikiria hilo: idara ya upelelezi ya taifa kubwa inakuomba uchomoe waya sebuleni kwako. Miaka saba baadaye, Mei 2025, FBI hiyohiyo ilitoa tahadhari nyingine kuhusu ruta zilizoachwa na watengenezaji, ikitaja modeli kama Linksys E1200, E2500 na E4200, ambazo wahalifu walikuwa wakizikodisha kama vichaka vya kujifichia. Mwenye ruta haoni kitu. Mtandao unakwenda, watoto wanaangalia katuni, na anwani yake ndiyo inayoonekana kwenye wizi uliofanyika bara jingine.

Hii ndiyo sababu siikubali ile hoja ya "mimi sina cha kuibiwa". Anayeibiwa ni mwingine, na mlango uliotumika ni wako.

Inayotunzwa muda mrefu

MikroTik, kampuni ya Latvia, inastahili sifa hapa. Ruta zake za familia ya RB951, za zaidi ya miaka kumi iliyopita, bado zinapokea RouterOS 7, programu ileile inayowekwa kwenye mashine mpya za kampuni hiyo. Vijana wanaouza waifai ya vocha mitaani wanalijua hilo, ndiyo maana utaona visanduku vya MikroTik vimefungwa juu ya paa kwa waya na mifuko ya plastiki. Kasoro zake ni mbili: menyu zake zinamtisha asiye fundi, na RB951 ina masafa ya 2.4 GHz peke yake, ambako chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Kwenye ghorofa lenye wapangaji ishirini, huko ni sokoni siku ya mnada. Kwenye nyumba iliyojitenga yenye kuta nene, kama zile za matumbawe za Mji Mkongwe, 2.4 GHz itakufikisha chumba cha pili pale ambapo 5 GHz imeishia mlangoni.

Picha za Tanga

Picha zilifika jioni. Ya elfu kumi na tano ilikuwa TL-WR841N, Ver 8. Sikuhitaji kufikiri, iko kwenye ile orodha ya CISA.

Ya elfu arobaini ilikuwa TP-Link Archer C7, modeli iliyotoka mwaka 2013. Ina masafa mawili, 2.4 na 5 GHz, na matundu yote ya waya ni ya gigabiti, wakati ile nyingine ingemfungia kwenye megabiti 100. Kibandiko kilisomeka Ver 2.0. Nilifurahi kuiona namba hiyo, kwa sababu toleo la 1 redio yake ya 5 GHz haifanyi kazi na OpenWrt. Toleo la 2 lina megabaiti 16 za programu na 128 za kazi, na OpenWrt bado wanalitengenezea. Kwa kifurushi chake cha nyumbani inatosha na kubaki.

Nilimtuma kwa muuzaji na mambo mawili. La kwanza, aombe kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio palepale kabla hajatoa hela. Mimi niliwahi kununua ruta nzuri ya mtumba, nikafika nyumbani nikakuta imefungwa na kampuni iliyomuuzia mmiliki wa kwanza. Sikuweza kubadilisha chochote isipokuwa jina la waifai. La pili, asome adapta. Ile 841N inatumia volti 9 na C7 inatumia 12, vichwa vinaingiana bila shida, na kwenye picha ya kwanza nyaya zilikuwa zimelaliana kiasi kwamba sikuweza kujua ipi ni ya ipi.

Saa tatu usiku simu ikalia. "Mjomba, adapta alikuwa amezibadilisha. Ya C7 ilikuwa kwenye ile ndogo." Nikamwambia azirudishe mahali pake, abonyeze kitundu cha kurisiti kwa sekunde kumi, kisha aniite tuipakie OpenWrt kwa waya, siyo kwa waifai, na UPS ndogo iwe imechomekwa, umeme usije ukakatika katikati ya kazi.