Mbegu hainunuliwi kama karanga!

Vijana wa mjini tuna maneno. Ukimsikia mtu kijiweni anasema "naenda kulima", ujue kichwani ameshavuna, ameshajenga na gari ameshanunua. Mbegu yenyewe hajaiona!

Binamu yangu ni mmoja wao. Aliacha umachinga Dar akaenda Lumuma, kule Kilosa mpakani na Mpwapwa, bonde linalosifika kwa vitunguu. Kitunguu kikampa mtaji, akaongeza ekari mbili za mahindi. Mbegu akapimiwa kwa kopo kutoka kwenye gunia, bei poa. Zaidi ya nusu ya shamba haikuota! Sasa amebakiwa na pesa ya kujaribu mara moja tu. Ikienda na maji, anarudi kutembeza soksi Kariakoo.

Ndiyo maana tulifunga safari hadi kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, jirani na mji wa Kilosa, siku walipofungua milango kwa kila mtu. Mimi nilitegemea wazee wa miwani na vichupa. Wapi! Watu wamevaa gambuti, wanapita kwenye vishamba, kila kimoja na kibao chake.

Ilonga si ya jana. Mahindi ya Staha yalitoka hapo miaka ya 1980, nayo huvumilia ugonjwa wa milia, ule unaoenezwa na vidudu vinavyorukaruka na kuyachora majani mistari. Mwaka 2002 Tanzania ikapata mtama wa Wahi na Hakika, unaohimili kiduha. Kiduha mnakijua? Ni kagugu kenye maua ya kupendeza, kumbe chini kwa chini kananyonya mizizi ya mwenzake.

Binamu akaanza na vitunguu vyake. Hapo akagonga mwamba: mambo ya mboga na matunda ni ya wenzao wa Tengeru, Arusha. Ilonga ni alizeti, mtama na jamii ya kunde kama mbaazi na choroko. Kwenye mahindi ndipo alipofumbuka macho.

Kwanza, mahindi ya chotara usiyarudishe shambani msimu wa pili, mavuno yatashuka. Staha si chotara, kwa hiyo unaweza kuchagua magunzi mazuri ukapanda tena, ila usiendelee hivyo miaka nenda rudi, maana upepo huleta chavua ya jirani na mbegu inachanganyika.

Pili, mbegu halali ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu. Unakwangua, unapata namba, unaihakiki kwa simu yako. Kwenye gunia la wazi utakwangua nini?

Tatu, na hili halina gharama: hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, subiri wiki moja. Zikiota 50, jua nusu ya pesa yako imelala.

Jamaa aliyekuja na haraka ya kununua akaondoka mikono mitupu. Ameamua kupima kwanza, na kupanda ekari moja badala ya mbili, ili akiba ya mwaka wa pili ibaki. Kijiweni watamcheka. Wacha wacheke, mtaji ni wake.

Nawe unayetaka kulima kwa simu ukiwa Sinza, umezihesabu punje zako?