Simu Imelia, Tarehe ya Chanjo Imepita

Leo tuongee juu ya jambo dogo linaloweza kumkosesha mtoto chanjo: ujumbe unaoingia na kupotea kabla hujausoma.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika kituo nilichofanyia kazi zamani kulikuwa na kompyuta moja. Barua pepe ikiingia, kompyuta hulia mara moja, kijisanduku cha maandishi hutokea pembeni mwa kioo, hukaa sekunde chache, kisha hutoweka. Siku moja nilikuwa nampima mtoto uzito. Nilisikia mlio, nikageuka, kijisanduku hakipo. Mlio ulikuwa ule ule wa matangazo ya biashara, kwa hivyo nikaupuuza. Siku 2 baadaye nilifungua barua ile. Ilisema chanjo iliyokuwa imetuishia imefika, twende tuichukue. Siku hizo 2 nilikuwa nimewarudisha akina mama nyumbani mikono mitupu, na wengine walikuwa wametembea kutoka mbali.

Mama, simu yako hufanya vivyo hivyo, hata kama ni mulika mwizi. Ujumbe wa mkopo unalia, wa bahati nasibu unalia, wa chama unalia, na wa kliniki unalia vile vile. Sikio likichoka huacha kusikiliza. Ukiwa mtoni unachota maji, au simu ikiwa dukani inachajiwa, jioni utaukuta ujumbe wa kliniki chini ya mingine mingi.

Kwa nini tujali? Baada ya chanjo za kuzaliwa, mtoto hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya surua na rubella hupewa akiwa na miezi 9, tena miezi 18. Surua, ambayo wengi huita ukambi, huambukiza upesi sana. Inaweza kuleta nimonia, upofu na hata kifo.

Ujumbe mzuri ni ule unaongoja jibu. Kuanzia mwaka 2007, utafiti ulifanywa katika kliniki 3 hapa Kenya kwa watu 538 wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi. Nusu yao walitumiwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: waliopata ujumbe walizingatia dawa kuliko wenzao.

Basi, mama, fanya hivi:

1. Tegemea Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kuliko simu. Usitoke kliniki kabla muuguzi hajakuandikia tarehe ya kurudi na kukusomea.

2. Weka kengele ya simu ilie jioni ya kuamkia siku hiyo. Ujumbe hulia mara moja tu, lakini kengele hulia kwa muda mrefu zaidi.

3. Zima milio ya matangazo. Kama simu yako inaruhusu, ipe namba ya kliniki mlio wake pekee.

4. Ukibadilisha laini, tuambie. Kama simu ni ya baba, mwombe akusomee kila ujumbe wa kliniki siku ile ile.

5. Mwambie jirani au mhudumu wa afya wa kijiji chenu tarehe yako. Mtu hukuuliza, "Ulienda?" Simu haiulizi.

Na tarehe ikishapita? Usione haya, wala usiogope kukemewa. Njoo. Hatuanzi chanjo upya, tunaendelea pale ulipoachia. Katika vituo vya serikali chanjo hizi hazilipiwi.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, fungua kile kijitabu. Tarehe ya mtoto wako ni lini? Mpaka tutakapoongea tena, kwaheri mama.